Jibu langu kuhusu kangomba: ugomvi si wa bei, ni wa mwezi Agosti

Ndugu mleta uzi, umeuliza mambo mawili. La kwanza, kwa nini msimu wa korosho unapokaribia watu wa Mtwara na Lindi hugawanyika kuhusu kangomba hadi ndugu wakanuniana. La pili, kama ni haki kumwita msaliti mwanachama wa AMCOS ambaye huku nyuma humuuzia kangomba. Nilikuwa karani wa ghala katika AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika wa wakulima, ya kijiji kimoja wilayani Tandahimba kwa misimu kadhaa, na sasa nimebaki na mikorosho yangu tu, kwa hiyo nimekaa pande zote mbili za mizani.

Kwa wasio wa huku, kangomba ni ununuzi wa korosho nje ya mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao mkulima hupeleka mzigo ghalani kupitia chama, hupewa stakabadhi, na mzigo huuzwa mnadani; mnunuzi wa namna hiyo naye huitwa kangomba. Mnunuzi hupita majumbani, hupima kwa bakuli au kwa mizani ambayo hakuna aliyeikagua, na hulipa taslimu papo hapo. Serikali imeupiga marufuku, viongozi wa ushirika huulaani katika kila mkutano, na bado haujaisha. Wanaoutetea mfumo husema kangomba ni mwizi anayemnyonya mkulima, na wanaoupinga husema mkulima ana haki ya kuuza mali yake kwa amtakaye. Mabishano hubaki hapo, kila upande ukitaja bei, mmoja bei ya mnadani na mwingine bei ya mlangoni.

Ni vyema kukumbuka kwamba watu wa huku hawabishani kuhusu jambo jipya. Mzee aliyekuwa kijana katika msimu wa 1973/74, nchi ilipovuna tani zipatazo 145,000 za korosho, aliliona zao hilo likiporomoka hadi tani 16,000 hivi mwaka 1986/87, baada ya watu kuhamishiwa vijiji vya ujamaa na kuiacha mikorosho yao mbali, bei kuwa duni na ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu mweupe, kuyaangamiza maua. Aliuona pia ushirika ukifutwa mwaka 1976 na kurejeshwa kwa sheria ya 1982. Mzee wa namna hiyo ukimwambia kwamba mfumo mpya utamkomboa, atakusikiliza kwa adabu, kisha ataficha magunia mawili chumbani.

Stakabadhi ghalani yenyewe ilianza katika korosho mkoani Mtwara msimu wa 2007/08. Hapa ndipo penye jambo ambalo naona linasahauliwa. Mwanzoni vyama vilikopa benki, mkulima akapewa malipo ya kwanza alipofikisha mzigo, kisha akasubiri malipo ya pili baada ya korosho kuuzwa. Utaratibu huo ulimwondolea mkulima shida ya kungoja akiwa mikono mitupu, lakini ulivibebesha vyama deni, na bei ya dunia ilipoanguka malipo ya pili yakapungua au hayakuja kabisa. Aprili 2013 huko Liwale nyumba za viongozi zilichomwa moto kwa sababu ya fedha hizo. Siku hizi mkulima hulipwa mara moja, kwa bei kamili, baada ya mnada. Deni limeondoka, na kungoja kumerudi. Tulibadilisha maumivu, lakini hatukuwahi kukaa kama jamii tukakubaliana kwamba tunabadilisha maumivu, na ndiyo maana mtu mmoja akizungumzia haki ya bei na mwingine akizungumzia njaa ya nyumbani, kila mmoja humwona mwenzake kuwa anatetea wizi.

Nilipokuwa ghalani niliona kangomba wa aina mbili, na kuwachanganya ndiko kunakouharibu mjadala. Wa kwanza ni yule wa wakati wa mavuno. Mama ameokota kilo sita, mtoto ana homa, na kilo sita hizo zikipelekwa ghalani zitasubiri mzigo wa kijiji ukusanyike, usafirishwe hadi ghala kuu, utangazwe mnadani, mnunuzi alipe, makato yakatwe, ndipo fedha ziingie katika akaunti ambayo tawi lake liko mjini na nauli ya kulifikia inakula sehemu ya fedha zenyewe. Kangomba anazilipia kilo sita hizo kabla jua halijatua. Amemdhulumu? Katika bei, ndiyo, na tena katika kipimo. Lakini mama huyo anajua hesabu yake kuliko mimi na wewe.

Wa pili ndiye mbaya. Huyu huja kati ya Julai na Septemba, mikorosho ikiwa katika maua, fedha za msimu uliopita zikiwa zimekwisha na mkulima akitafuta fedha za kuwalipa vibarua wa kupalilia na kupuliza dawa. Tuseme anampa mkulima shilingi elfu hamsini kwa ahadi ya gunia moja la kilo themanini mwezi Novemba. Hata bei ya mnada ikiwa shilingi 2,000 tu kwa kilo, gunia hilo ni shilingi laki moja na sitini elfu. Msimu wa 2024/25, minada ya mwanzo ya Tandahimba na Newala ilipovuka shilingi 4,000, mtu aliyekwisha kuahidi gunia mwezi Agosti alibaki akizisikiliza habari hizo redioni kama za nchi nyingine. Huo ni mkopo wenye riba ambayo hakuna benki ingethubutu kuiandika, na mkopo haukomeshwi kwa kuweka vizuizi vya magari barabarani mwezi Oktoba.

Yaliyotokea mwaka 2018 yalilionyesha hilo waziwazi. Wakulima wa Tandahimba na Newala waliikataa bei ya minada ya kwanza mwezi Oktoba, na Novemba Rais Magufuli akaamuru serikali inunue korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likisimamia usombaji. Watu walishangilia, nami nilishangilia. Kisha ukaja uhakiki: aliyefikisha zaidi ya kilo 1,500 alitakiwa kuthibitisha kwamba ana shamba la kutoa mzigo huo, ili wakangomba wabainike. Lengo lilikuwa zuri. Ila katika kijiji chetu mtu mwenye akaunti ya benki huuza kwa jina lake korosho za mama yake, za dada yake na za mjomba wake, na mjomba kwetu Wamakonde si mtu wa kuambiwa akafungue akaunti yake. Watu wa aina hiyo walijikuta wakijieleza pamoja na walanguzi, malipo yakachelewa, na wapo waliouza kilichobaki nyumbani kwa kangomba wakisubiri fedha za korosho walizozuiliwa kwa tuhuma za ukangomba.

Jambo jingine hulisikii mikutanoni kwa sababu wanaolijua zaidi huketi nyuma kwenye mikeka. Anayepokea fedha za Agosti mara nyingi ni mwanamume, na anayeinama chini ya mkorosho kuokota ni mwanamke, ambaye hujua kwamba gunia limekwisha kuliwa pale tu mtu asiyemfahamu anapokuja kulichukua. Katika mkutano mmoja wa AMCOS mjadala ulikuwa umegawanyika kama kawaida, wa ushirika upande huu na wa soko huria upande ule, hadi bibi mmoja alipouliza kwa nini fomu ya mauzo ina jina moja tu. Pande zote mbili zilinyamaza, kisha mwenyekiti akasema tuendelee na ajenda. Sijasikia hoja nzito kuliko hiyo tangu nianze kuhudhuria mikutano ya korosho.

Sasa swali lako la msaliti. Kwa maoni yangu hapana, na sisemi hivyo kwa huruma tu. Ukiyafuata majina katika daftari la ghala utaona kwamba makundi mawili tunayoyafikiria hayapo. Mtu yule yule aliyechukua fedha za kangomba mwezi Agosti husimama Oktoba kudai wakangomba wafungwe, na hasemi uongo katika miezi yote miwili. Tukimwita msaliti tunamfundisha kuficha, na akificha hatutajua amekopa kiasi gani wala kwa nani. Tuliyaona hayo katika mgogoro wa bomba la kupeleka gesi ya Mtwara Dar es Salaam mwaka 2013, Mtwara mjini ilipochafuka Januari na tena Mei: aliyeuliza swali la kawaida kuhusu manufaa ya bomba aliitwa kibaraka na upande mmoja na mchochezi na upande wa pili, akaacha kuuliza.

Kangomba anayekopesha wakati wa maua namwona anastahili kushtakiwa, na hapo sitofautiani na viongozi. Lakini adhabu bila mkopo mbadala itapandisha riba tu, kwa kuwa atajilipia na hatari ya kukamatwa. Kwetu limependekezwa jambo moja: kila mwanachama akatwe kiasi kidogo kwa kilo wakati wa malipo, fedha ziwekwe katika mfuko wa AMCOS, na zikopeshwe Julai kwa dhamana ya mzigo ujao, mume na mke wakitia saini wote wawili. Wanachama wengi waliukubali mfuko. Sharti la saini mbili ndilo lililoahirishwa, na waliotaka liahirishwe walitoka pande zote mbili za ule mjadala wa bei. Kama kwenu Nachingwea au Ruangwa kuna chama kilichokwisha kujaribu mkopo wa namna hii, naomba ueleze makato yalikuwa kiasi gani kwa kilo na walifanyaje kwa waliokopa kisha maua yakapukutika.