Jibu: ACT ya Ufilipino ni tawi la ACT yetu?
Salama ndugu? Umeuliza kama ACT-CIS, iliyopata viti 3 bungeni Ufilipino mwaka 2019, ni tawi la ACT-Wazalendo, na mbona iliongoza kura ikaambulia viti hivyo tu. Tawi si kweli. Hata mimi niliingia mkenge huo, nikabishana kijiweni hapa Mwanga, Kigoma, hadi kahawa ikapoa.

Angalia kwanza kirefu cha jina. Yao ni kupinga uhalifu na ugaidi kwa kushirikisha jamii. Yetu ni mabadiliko na uwazi. Herufi zimegongana, basi.

Kwenye viti ndipo penye utamu. Kule asilimia 20 ya viti vya Baraza la Wawakilishi hugawiwa kwa kura ya orodha za vyama. Ukifikisha asilimia 2 una kiti kimoja cha uhakika, lakini hata uzoe kura zaidi ya milioni 2.6 kama wao, mwisho ni vitatu. Usilinganishe na jimbo kama letu la Kigoma Mjini, alikoshinda Zitto Kabwe 2015. Wala na viti maalumu, maana vyetu ni vya wanawake.