Betri ya baiskeli ya umeme iliyokaa mwaka bila kuchajiwa

Usiichaji kwanza, ipime kwa multimita, kifaa cha kupimia volti. Betri ya lithiamu ya volti 36 kwa kawaida ina makundi 10 ya seli yaliyoungwa mfululizo: ikijaa husoma 42, ikiisha karibu 30. Ukikuta 30 hivi, ichaji kwenye sakafu ya saruji na usiondoke. Kundi lililoshuka chini ya volti 2 liache kabisa, maana shaba ya ndani huenda imeanza kuyeyukia kwenye kimiminika cha seli na ukilichaji laweza kupiga shoti na kuwaka. Ila kusoma sufuri kwenye terminali, yaani ncha za betri, hakumaanishi imekufa. Huenda saketi ya ulinzi imekata tu. Fundi wa betri za lithiamu aifungue apime kila kundi. Breki, mnyororo na matairi vitasubiri.