Studi za ekzosi zilizokatikia ndani ya hedi

SWALI: Assalamu alaykum, fundi. Nina Toyota Corolla ya mwaka 1994 yenye injini ya 5A, ambayo nimeitumia hapa Likoni kwa miaka mingi. Ilianza kutoa mlio wa kugongagonga kila ninapoiwasha asubuhi, nikaambiwa kuwa gasketi ya manifoldi ya ekzosi (mabomba yanayokusanya moshi wa injini) imeungua. Nilipokuwa nikifungua nati, studi mbili za mwisho (boliti zisizo na kichwa zinazoishika manifoldi), moja kila upande, zilikatika. Moja imebaki imechomoza kama sentimita moja, na nyingine imekatikia ndani, chini ya uso wa hedi, ile sehemu ya juu ya injini. Fundi wa mtaani ananishauri ninunue hedi nyingine iliyotumika. Je, hakuna njia?

JIBU: Waalaykum salaam, ndugu yangu. Njia ipo, na hedi yako usiitupe kwa sababu ya vigutu viwili vya studi. Hedi iliyotumika utakayouziwa huenda nayo ina studi zilizoshikwa na kutu vilevile, na kuibadilisha kutakulazimu kufungua mkanda wa taimingi na kununua gasketi ya hedi, kazi ambayo gari lako halikuihitaji.

Si ajabu kwamba zilizokatika ni za pembeni. Manifoldi ni ya chuma cha kusubu na hupata joto kali, ilhali hedi ni ya aluminiamu na hupozwa na maji. Manifoldi ya sentimita 40 ikipanda joto kwa nyuzi 500 hurefuka kwa takriban milimita 2, lakini hedi iliyofungwa nayo hurefuka kwa chini ya milimita 1. Tofauti hiyo hubebwa zaidi na studi za mwisho, ambazo husukumwa na kurudishwa kila gari linapowashwa na kupoa. Ukiongeza hewa ya chumvi inayoletwa na kusi kutoka baharini, basi kutu hukamilisha kazi ambayo joto limeianza.

Anza na studi iliyochomoza, kwa kuwa ndiyo itakayokufundisha mkono. Isugue kwa burashi ya waya, uitie mafuta ya kupenya jioni, uyarudie asubuhi, na ikiwezekana uiache siku nzima nyingine. Usiikamate kwa koleo na kuizungusha kwa nguvu, maana hapo ndipo sentimita moja inapogeuka kuwa sifuri. Njia ninayoiamini kuliko zote ni kuvisha nati juu ya kigutu na kuichomelea kwa ndani, kisha kuiacha ipoe hadi iweze kuguswa. Moto wa kuchomelea huitanua studi na kuipondaponda kutu inayoishikilia, na inapopoa husinyaa na kulegea. Ingali na joto, igusishe mshumaa ili nta iyeyuke na kunywewa na uzi (mikato ya skrubu). Baada ya hapo tumia spana, robo ya mzunguko mbele na robo nyuma, bila papara. Nati ikibanduka, chomelea nyingine. Mimi nimewahi kuchomelea nati tano juu ya studi moja kabla haijakubali.

Kabla ya kuchomelea, tenganisha betri, na kibanio cha ethi cha mashine ya kuchomelea ukifunge kwenye hedi yenyewe karibu na studi, si kwenye bodi ya gari, ili umeme usipite katika beringi za injini wala vifaa vya elektroniki. Hakikisha pia kuwa hakuna petroli inayovuja, na kwamba mafuta ya kupenya yamefutwa, kwa sababu mengi yao hushika moto kwa urahisi.

Studi iliyozama ndani ni kazi ya subira zaidi. Mchomeleaji hodari mwenye mashine ya waya anaweza kuijenga kwa matone mafupi mpaka itokeze, kisha akaiweka nati. Waya wa chuma haushikamani na aluminiamu, hivyo uzi wa hedi husalimika iwapo mkono wake umetulia. Ukitaka kuipasha moto hedi yenyewe, kumbuka kwamba aluminiamu haigeuki nyekundu kabla ya kuyeyuka. Mimi husimama pale tone la maji linapochemka na kurukaruka juu yake.

Ikishindikana, tobolea. Hapa ndipo hedi nyingi huharibiwa, kwa kuwa biti huteleza kutoka kwenye chuma kigumu na kuingia kwenye aluminiamu laini, na tundu likienda upande halirudi. Mwombe mkerezaji akutengenezee kibomba kidogo ambacho kwa nje kinajaza tundu la manifoldi na kwa ndani kina tundu la milimita 3 au 4. Funga manifoldi kwa studi zilizo nzima, ingiza kibomba, na biti italazimika kupita katikati. Studi ya M8 (kipenyo cha milimita 8) yenye uzi wa hatua ya milimita 1.25 kati ya mkato na mkato hutobolewa kidogokidogo hadi milimita 6.5, kisha mabaki ya uzi hukwanguliwa kwa ncha kali na tundu kusafishwa kwa tapu (chombo cha kukatia uzi) ya ukubwa huohuo. Pima urefu wa studi nzima na uzungushie biti utepe kama alama, kwani nyuma yake huenda kuna njia ya maji.

Kile chombo chenye meno ya kinyume kinachopigiliwa ndani ya tundu ili kuzungusha kigutu sikipendekezi hapa. Ni cha chuma kigumu sana, na kikikatikia ndani, biti za kawaida hazitaking'ata. Uzi wa hedi ukiwa umeharibika, tia koili ya uzi (waya uliosokotwa unaokuwa uzi mpya ndani ya tundu), ambayo kwa M8 huhitaji tundu la milimita 8.3 na tapu yake maalumu.

Kabla ya kurudisha manifoldi, ilaze rula ya chuma juu ya uso wake; ikiwa imepinda, ipeleke ikasawazishwe, la sivyo utakata studi mpya pia. Badilisha studi zote, si mbili pekee, tumia nati za shaba na gasketi mpya, na upake studi grisi ya shaba isiyoungua. Kaza kuanzia katikati kuelekea pembeni kwa hatua mbili au tatu, ukifuata kipimo cha mwongozo wa gari. Tundu za pembeni za manifoldi kwa kawaida ni pana kidogo kuliko studi. Usizijaze kwa kuongeza vibomba au waya, kwa sababu upana huo ndio nafasi ya manifoldi kurefuka. Washa injini mpaka ipate moto, izime, na ikishapoa kabisa, pitia nati zote tena kwa spana ya kipimo (inayoonyesha nguvu ya kukaza).