Jibu: Risasi ya kugeuzia geji 20 kuwa raifoli

Waalaykum salaam, ndugu yetu wa Wete. Unauliza bunduki ya marisau (chembe ndogo za risasi) ya geji 20, yaani kipimo cha upana wa mtutu, yenye mitutu miwili, ikigeuzwa raifoli, ifae risasi gani, na umeitaja 9.3x74R, risasi kali ya raifoli. Hiyo iache kabisa, nakuomba. Geji 20 huundwa kwa shinikizo la paundi 12,000 hivi kwa inchi ya mraba. Risasi hiyo uliyoitaja hukaribia 49,000. Kufuli, yaani sehemu inayofunga mitutu, litafunguka, na uso wako upo hapo hapo.

Kabla ya risasi, pata ruhusa ya polisi, kisha fundi bunduki mwenye kibali apime kama mitutu inacheza ikiwa imefungwa. Ikicheza hata kidogo, ibaki ya marisau.

Ikiwa imara, tafuta risasi ambayo ganda lake lina ukingo kitakoni, kwani bunduki ya kukunja kama yako huvuta ganda kwa ukingo huo. Risasi ya .44-40 ina ukomo wa shinikizo wa paundi 11,000, ya .45 Colt 14,000. Ya .45-70 ni ya zamani, lakini inafika 28,000, mno kwa geji 20! Tena usitazame shinikizo peke yake: kinachosukuma kufuli ni shinikizo mara eneo la kitako cha ganda, hivyo ganda jembamba huipa bunduki nafuu.