Nimeteremka Kilimanjaro kwa maumivu ya kiuno: je, pingili zangu zimetoka?

SWALI: Nina umri wa miaka 43, uzito wa kilo 64, na ninafanya kazi ya uhasibu Dodoma. Mwezi uliopita nilianza kupanda Mlima Kilimanjaro kwa njia ya Lemosho, safari ya siku nane, na nikaamua kubeba mwenyewe begi la kilo 16 badala ya kumpa mpagazi. Asubuhi ya siku ya tatu, kambini Shira, niliamka kiuno kimekaza upande wa kushoto hata sikuweza kuinama kufunga kamba za viatu. Nikateremshwa kwa gari. Eksirei imeonyesha kwamba nafasi kati ya pingili ya nne na ya tano imepungua, na aliyenisomea picha amesema pingili zimesagika, ninunue mkanda, ninywe dawa ya kuongeza ute, na nisipande mlima tena. Ndugu zangu nao wananihimiza niende kwa mkandaji anayerudisha pingili. Je, nilikosea kukatiza safari, na sasa nifanye nini?

JIBU: Ndugu msomaji, hukukosea. Mbele yako kulikuwa na Lava Tower, yenye mwinuko wa takriban mita 4,600, kisha ukuta wa Barranco ambao hupandwa kwa mikono na miguu, na baadaye usiku wa kuelekea kilele cha mita 5,895 ukifuatiwa na mteremko mrefu siku hiyohiyo. Mtu asiyeweza kuinama kufunga viatu hana nafasi huko, na ungechomwa sindano ya kutuliza maumivu ili uendelee, ungeificha tu ishara uliyoihitaji.

Linalonisumbua ni maneno uliyoambiwa baada ya kushuka, kwa sababu ninayasikia kila wiki. Mgonjwa huingia akishika ukuta, mkanda ameubana juu ya shati, anatoa picha kwenye bahasha na kuniambia, kabla hata hajaketi, kwamba pingili zake zimetoka. Pingili hazitoki kwa kubeba begi. Zimeshikwa na kano nene, misuli na diski, yaani mito laini iliyo kati ya pingili, zilizoungana na mfupa wenyewe, na pale zinapohama kweli, kwa mfano katika ajali ya gari, mtu hupelekwa kwa daktari bingwa wa upasuaji, hapelekwi kwenye mkeka wa mkandaji. Mlio unaousikia anapokupinda ni wa gesi iliyomo katika ute wa viungo vidogo vya mgongo. Nafuu inayofuata ni ya misuli kulegea kwa muda, na hakuna mfupa uliorudishwa mahali pake.

Picha yako nayo imesomwa kana kwamba ni hukumu. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2015, yaliyohusisha watu zaidi ya 3,000 wasio na maumivu yoyote ya mgongo, yalikadiria kuwa asilimia 68 ya wenye umri wa miaka 40 wana dalili za kuchakaa kwa diski. Hao wanalima, wanabeba watoto na wanalala usingizi wao. Kupungua kwa nafasi ni sehemu ya kuongezeka umri, kama mvi, na hapana shaka ungekutwa nako hata kabla hujafika lango la Londorossi ulikoanzia safari. Kuhusu dawa ya kuongeza ute, sijui kwa dhamiri gani inauzwa, kwa kuwa hakuna kidonge kilichothibitishwa kurudisha maji ya diski. Mkanda pia, Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno, lilishauri usitumiwe kama tiba ya kawaida.

Kilichokupata, kwa jinsi ulivyoeleza, ni mgongo uliozoea kiti kupewa robo ya uzito wa mwili wako kwa siku mbili mfululizo za kupanda. Tembea kila siku, hata kama kiuno kinauma kidogo, na usijilaze kitandani. Maumivu yakipungua, anza kupanda ngazi au kilima ukiwa na kilo nne mgongoni, uongeze kidogo kila wiki, na ufanye mazoezi ya misuli ya matako na mapaja chini ya uangalizi wa mfiziotherapia. Ukirudi mlimani, funga kwanza mkanda wa begi juu ya mifupa ya nyonga ndipo uvute mikanda ya mabegani, vitu vizito vikae karibu na mgongo, na mzigo mkubwa umwachie mpagazi, ambaye naye ana kikomo cha kilo 20.

Sina ugomvi na mikono inayokanda msuli uliokaza. Ugomvi wangu ni na anayekanda bila kuuliza. Mwaka jana nilimpokea kijana wa bodaboda aliyekandwa miezi minne, huku akitoka jasho usiku na suruali ikimpwaya. Alikuwa na kifua kikuu cha uti wa mgongo, ugonjwa unaotibika kwa dawa, lakini alipofika kwangu mguu mmoja ulikuwa umeshalegea. Kwa hiyo yeyote mwenye maumivu ya mgongo yanayoambatana na homa, kukonda bila sababu au historia ya saratani, aende hospitali kabla ya kumruhusu mtu yeyote amguse. Na anayepata ganzi katikati ya mapaja na kwenye sehemu za siri, anayeshindwa kukojoa au kuzuia haja, au ambaye miguu yote miwili inaishiwa nguvu, asisubiri kupambazuke: mishipa ya fahamu iliyobanwa namna hiyo inahitaji kufanyiwa upasuaji haraka, na kila saa inayopita inampunguzia uwezekano wa kupona.