Mlokwati kwenye baridi na mvua za Manchester

Umeuliza kama mlokwati (ule mti wa lokwati, matunda madogo ya manjano) kama ule wa kwenu Limuru utazaa hapo Manchester, dada mti wenyewe utaishi vizuri tu, unavumilia hadi kama nyuzi 10 chini ya sifuri, shida ni maua. Huu mti unatoa maua kuanzia mwezi wa 10 hivi, zile vishada zenye manyoya ya kahawia, halafu vitunda vinakaa hapo baridi yote na vikipigwa na nyuzi 3 au 4 chini ya sifuri mbegu ya ndani inakuwa nyeusi, vinaanguka. Panda karibu na ukuta unaoangalia kusini, inua tuta kabisa maana mizizi ikikaa kwenye maji inaoza, na nunua mche wa kubebesha (uliounganishwa kwenye shina la mche mwingine), wa mbegu utasubiri miaka 8.