Maswali ya Wasomaji: Chakula cha Moyo katika Jiko la Lamu

SWALI: Assalaam alaykum. Mume wangu ana umri wa miaka 54. Mwezi uliopita alipimwa akaonekana ana presha ya juu na kolesteroli imepanda, akaandikiwa vidonge, na pamoja navyo akapewa karatasi ya vyakula vinavyofaa moyo. Humo mna mafuta ya zeituni, samaki aitwaye salmoni, shayiri, tofaa na matunda mengine ambayo hapa Lamu ama hatuyaoni, ama tukiyaona hatuyawezi kwa bei. Shemeji yangu anasema nazi ikomeshwe kabisa nyumbani. Mama mkwe anasema nazi imewalea wazee wakafika miaka tisini, na haina lawama. Mwenye kushika mwiko ni mimi. Nipike nini, na je, nimpikie yeye chungu chake peke yake?
Msomaji, Mkomani, Lamu

JIBU: Waalaykum salaam, dada yangu. Karatasi hiyo ina ukweli, lakini iliandikwa kwa jiko la mtu mwingine. Salmoni ametajwa kwa sababu ya mafuta yake ya omega-3, ambayo hufaa moyo, shayiri kwa nyuzinyuzi zake, tofaa na matunda mengine kwa nyuzinyuzi na madini ya potasiamu, na zeituni kwa kuwa mafuta yake mengi si ya jinsi inayoganda upesi ikipata baridi. Ukishajua kinachotafutwa, hutahitaji kukiagiza mbali.

Tuanze na samaki, kwa kuwa hapo ndipo mlipo matajiri. Vibua, simu na dagaa, ambao wengi huwapita sokoni wakimtafuta nguru, ndio wenye omega-3 kwa wingi, na jodari naye anayo. Milo miwili ya samaki wa namna hiyo kwa wiki ndiyo inayoshauriwa. Tafi na changu hawana mafuta mengi, lakini ni kitoweo chema kuliko nyama ya mbuzi yenye shahamu. Kinachoharibu neema hii ni karai: samaki akizamishwa katika mafuta yaliyokwisha kukaangia mara nne, mengi yakiwa ni ya mawese yale ya kupimiwa dukani, faida aliyotoka nayo baharini hupotea njiani. Mchome, au mpike mchuzi wa ukwaju. Taabu huja wakati wa kusi, bahari inapochafuka na vyombo vikapunguza kutoka, maana hapo ndipo ng'onda na papa mkavu huingia chunguni pamoja na chumvi iliyowahifadhi. Ukilazimika kuwatumia, waroweke usiku kucha, ubadilishe maji mara mbili au tatu, kisha usitie chumvi nyingine hata chembe. Hata hivyo chumvi haitoki yote, kwa hiyo kitoweo hicho kisiwe cha kila siku kwa mwenye presha.

Sasa niingie katika ugomvi wa nyumbani, maana naona nazi ndiyo iliyokufanya ushike kalamu. Takriban sehemu tisa katika kumi za mafuta ya nazi ni ya jinsi inayoganda ikipata baridi, na mafuta ya jinsi hiyo, yawe ya nazi, ya samli au ya shahamu, huinua kolesteroli mbaya katika damu. Jambo hilo halibadiliki kwa sababu mnazi ni wetu. Lakini mama mkwe naye hakusema uongo. Amesahau tu kutaja kwamba wazee hao walikuwa wakipanda minazi wenyewe, wakitweka matanga na kwenda Matondoni kwa miguu, na tui lao liliishia katika kunde na mchicha. Mjukuu wao leo hupanda bodaboda kwa mwendo wa dakika kumi, na jioni hula viazi karai.

Tazama linalotokea unapotengeneza tui. Unakaa juu ya mbuzi, unakuna, unatia maji ya vuguvugu, unakamua katika kifumbu. Linalotoka kwanza, zito na jeupe, ndilo kasimele, nalo limebeba sehemu kubwa ya mafuta. Linalofuata ni jepesi zaidi. Na machicha yanayobaki kifumbuni, ambayo aghalabu huwaendea kuku, ndiyo yaliyoshika nyuzinyuzi za nazi. Basi siku za kawaida ukune nusu ya nazi badala ya nazi nzima, uikamue kwa maji mengi ili tui lote liwe jepesi, na harufu ya wali wa nazi haitakosekana. Siku nyingine katikati ya wiki upike wali mweupe, pasiwe na nazi kabisa. Kasimele liachie siku moja, tuseme Ijumaa, na samaki wa kupaka awe wa Ijumaa hiyo hiyo. Nakiri kwamba nami nimelelewa kwa wali wa nazi, na sitamwambia mtu wa Lamu aufukuze nyumbani, kwa kuwa najua atanisikiliza wiki moja tu.

Ningekuomba ugomvi wa nazi uupunguze sauti, uiangalie chumvi, kwa sababu kwa presha ya mumeo chumvi ndiyo yenye kesi kubwa zaidi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, ambazo ni kama kijiko kimoja cha chai kisicho na kilele, na humo huhesabiwa pia chumvi iliyomo katika mkate wa duka, achari, kachiri na vidonge vya kutilia mchuzi, ambavyo sehemu yake kubwa ni chumvi iliyotiwa rangi na harufu. Njia nyepesi ni hii: ikiwa mpo watu wazima wanne, kila asubuhi utie vijiko viwili vya chai vya chumvi katika kikombe kidogo cha kahawa, ukiweke kando ya jiko, na vyakula vyote vya siku hiyo vitiwe kutoka humo; kikombe kikiisha, kimeisha. Vijiko viwili vilivyobaki hadi kufikia kipimo cha watu wanne tuvihesabu kuwa vimekwisha kuingia kwa njia ya mkate na vinginevyo. Ladha itafutwe kwa ndimu, ukwaju, embe mbichi, thomu, tangawizi, bizari na kotmiri. Wiki ya kwanza watanung'unika. Baada ya wiki chache ulimi huzoea, na mchuzi wa zamani ukionjwa tena huonekana mkali.

Hili linajibu pia swali la chungu cha pekee. Usimtenge. Mtu akipikiwa chake kando huona anaadhibiwa, ataonja cha wenzake, na watoto watakua na ulimi ule ule uliomfikisha baba yao hospitali.

Asubuhi mnayo mbaazi, na sioni sababu ya kuitamani shayiri. Ini hutengeneza nyongo kwa kutumia kolesteroli. Nyuzinyuzi za mbaazi, kunde, pojo na maharagwe huishika sehemu ya nyongo hiyo tumboni zikatoka nayo, na ini hulazimika kuchukua kolesteroli nyingine kutoka katika damu ili litengeneze nyongo mpya. Kwa hiyo bakuli la mbaazi liongezwe na mahamri yapunguzwe, kutoka manne hadi moja, au pawe na mkate wa mofa wa mtama, ambao hauogeshwi mafutani. Mboga za majani na matunda kwa jumla zifike gramu 400 kwa siku. Mchicha, kisamvu, mnavu, papai, chungwa na embe vyote vimo katika hesabu hiyo. Mayai hayana tatizo kwa watu wengi yakiwa moja kwa siku. Korosho na simsim ni vyema kwa kiasi cha kiganja, visitiwe chumvi.

Vidonge vyake asiviache, hata vipimo vikirudi vizuri, mpaka daktari aseme. Na akipata maumivu ya kubana kifuani, yakaelekea mkononi au shingoni, pamoja na jasho baridi au kukosa pumzi, hapo msichemshe majani yoyote wala msisubiri. Mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo.

SWALI: Jirani yangu ameacha dawa za presha, sasa anakunywa maji ya thomu na ndimu kila alfajiri. Anasema yanasafisha mishipa. Ni kweli?
Msomaji, Langoni, Lamu

JIBU: Thomu inaweza kushusha presha kidogo kwa baadhi ya watu, ila haitoshi kushika nafasi ya dawa, na hakuna kinywaji kinachosugua mishipa kama mtu anavyosugua sufuria. Presha haiumi, ndiyo maana mtu hudhani imeondoka. Mshauri apimwe wiki hii, na nambari atakazozikuta zizungumze naye badala yako. Iwapo anatumia dawa za kuzuia damu isigande, thomu nyingi inaweza kumzidishia hatari ya kutokwa na damu, kwa hiyo daktari wake aambiwe.

SWALI: Baba yangu ana ugonjwa wa moyo, na figo zake pia zimeanza kudhoofika. Tumeambiwa dafu ni zuri kwa moyo, tukawa tunampa mawili kila siku. Tumefanya vyema?
Msomaji, Shela

JIBU: Sitisheni kwanza. Maji ya dafu yana potasiamu nyingi, ambayo humsaidia mwenye figo nzima kutoa chumvi mwilini. Figo zikiwa dhaifu, potasiamu hukusanyika katika damu na inaweza kuuvuruga mwendo wa moyo, hasa kwa anayetumia baadhi ya dawa za presha. Hadhari hiyo hiyo inahusu ndizi, mchicha mwingi, na ile chumvi mbadala inayouzwa kwa ajili ya wenye presha. Mpelekeni apimwe damu, mkachukue dawa zake zote pamoja na majani yoyote anayochemsha, mviweke mbele ya daktari, naye ndiye atakayewapa kipimo cha dafu, kama kipo.